Saini ya Pili

Wanafunzi wa uuguzi walimpa Madam Yayra jina la Madam Sahani. Hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake, lakini alilijua. Kabla ya mwanafunzi kumchoma mgonjwa yeyote insulini, alimtaka aende kitandani, afunue sahani au bakuli, kisha arudi kueleza alichokiona.

"Kitanda cha sita amekula, Madam."

"Amekula nini?"

"Amesema uji, Madam."

"Nimekuuliza amesema nini? Mdomo wa mgonjwa ni wa kujibia salamu. Rudi ukatazame bakuli!"

Walirudi wakinung'unika, na mimi nilicheka pamoja nao. Nilikuwa mkuu wa wodi waliyofanyia mazoezi, rafiki yake tangu chuoni, na mtu pekee aliyejua habari ya bakuli ilianzia wapi. Nilicheka kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema. Mimi ni mwoga, na hapa nitauandika woga wangu bila kuuremba.

Miaka thelathini na sita iliyopita, Yayra na mimi, Akpene, tulikuwa wanafunzi wa mwaka wa tatu katika wodi ya wanaume. Yeye ndiye aliyekuwa na akili. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi: alizikariri kanuni zote tano za kutoa dawa huku anasonga akple, ugali wetu, mwiko ukigonga chungu kwa kila moja. Mimi nilikuwa na mdomo tu.

Kitanda cha tisa alilala mzee Kpodo, mwenye kisukari na figo zilizochoka. Hospitali haikuwapikia wagonjwa. Chakula kilitoka nyumbani, na cha mzee kililetwa kila asubuhi na binti yake wa mwisho, Enyonam. Insulini yake ilikuwa ile ya maji maangavu, inayoanza kazi ndani ya nusu saa. Ikiingia mwilini na tumbo ni tupu, hushusha sukari mpaka ubongo unakosa cha kutumia. Hayo tulifundishwa, tukatahiniwa, tukafaulu.

Siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Siku za soko magari ya vijijini hujaa mihogo na viazi vikuu kabla ya kujaa watu, na sisi tuliozaliwa huku tulipaswa kulikumbuka hilo. Saa moja asubuhi Yayra alimwendea mzee na trei yake.

"Torgbui, babu yetu, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mwanangu. Na nyie?"

"Tupo, Torgbui. Umekula?"

"Nimekula! Binti yangu ameleta tangu alfajiri. Akple na supu ya bamia, na samaki mzima ndani. Wewe ukiolewa ukazaa, zaa mtoto kama yule."

Kushoto na kulia kwake wake za watu na wakwe walikuwa wanafunua mabakuli, mvuke unapanda. Mzee gani wa kwetu angesema mbele yao kwamba watoto wake hawajaleta kitu? Angekuwa amemvua nguo binti yake hadharani. Kwetu ukiulizwa kama umekula, umekula. Mimi mwenyewe nimejibu hivyo maisha yangu yote, utumbo ukinguruma, na asubuhi ile halikunijia akilini.

Chini ya kitanda palikuwa na bakuli limefunikwa. Yayra aliliona, likamtosha. Lilikuwa la jana, limeoshwa.

Insulini hutiwa saini na watu wawili. Wa kwanza huvuta dawa. Wa pili hutazama chupa, kipimo, mgonjwa, na kama amekula. Wa pili nilikuwa mimi. Nilikuwa dirishani, hatua nne kutoka kitandani, naigiza mwendo wa mkuu wetu wa wodi, na wagonjwa wawili walikuwa wanacheka mpaka wanakohoa.

"Akpene, njoo uangalie."

"Wewe ulishakosea lini? Lete chati nisaini."

Akaniletea. Nikasaini nimeiegemeza ukutani, sindano sikuigeuzia hata shingo. Yuniti kumi na mbili.

Saa tatu na robo Enyonam aliingia anahema, beseni kichwani, anawaomba radhi hata wagonjwa asiowajua. Alimkuta baba yake amelowa jasho. Sisi tulikuwa tumempita mara mbili tukidhani amelala.

"Baba? Gari zimejaa, Baba. Amka ule kwanza, utanigombeza baadaye."

Hakuamka. Tulikimbia, tukamtia glukosi ya mshipani, tukamwita daktari, lakini muda ulikuwa umepita mno. Alifariki siku ya tatu.

Mkuu wetu aliiambia familia maneno haya: "Sindano ilitolewa kwa wakati wake. Chakula ndicho kilichochelewa." Kila neno lilikuwa kweli, na jumla yake ilikuwa uongo mtupu. Yayra na mimi tulisimama nyuma yake, mikono mgongoni, tukanyamaza.

Mazishini tulikwenda, maana kutokwenda kungezua maswali. Watoto walileta vitambaa vya kumvisha marehemu. Kitambaa cha Enyonam kilirudishwa mbele ya ukoo mzima.

"Uliyemnyima chakula akiwa hai," ami yake alimwambia, "utamvisha nini akiwa maiti?"

Enyonam alikipokea kitambaa chake akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama vile ametumwa dukani. Yayra alinishika kiganja mpaka kikaniuma.

"Tuseme," akaninong'oneza.

"Tukisema tunafukuzwa chuo wote wawili. Mama yangu ana nani mwingine?"

Yayra angesema siku ile ile. Ni mimi niliyemzuia, na alinisikiliza kwa sababu alinipenda.

Baadaye akawa mwalimu wa wauguzi, mkali. Kila siku ya soko alifika wodini kabla jua halijachomoza, na chungu cha uji alichopika mwenyewe, akawapa wagonjwa ambao watu wao hawajafika. Hakuwauliza kama wamekula. Aliwawekea tu. Watu walimsifu kwa huruma yake, na nilikuwa naona namna sifa zile zinavyomkereketa.

Mwezi uliopita alistaafu. Wanafunzi walimfanyia sherehe wakampa zawadi ya sahani kubwa, imechorwa jina lake pembeni. Ukumbi ulicheka, naye akacheka, kisha akalia mpaka ikabidi nimtoe nje. Wakadhani ni furaha.

"Naenda kwa Enyonam," aliniambia kesho yake.

"Baada ya miaka yote hii? Kidonda kimeshapona, wewe unakwenda kukikuna."

"Kimepona kwako."

Kisha nikauliza kile nilichokuwa nataka kuuliza. "Utanitaja?"

"Nitataja mkono wangu. Wako utautaja mwenyewe, au usiutaje."

Nikasema nitamsindikiza. Nilikusudia kusindikiza tu. Nimebakiza miaka miwili kustaafu, na jina langu limeandikwa kwenye mlango wa ofisi.

Tulimkuta Enyonam uani kwake, anafunga abolo, mikate ya unga wa mahindi, kwenye majani tayari kwa mvuke. Amezeeka, mabega mapana, macho ya baba yake. Alitupa maji, tukanywa.

"Mmekula?"

"Tumekula," nikajibu haraka. Tulikuwa hatujatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Yayra alinitazama tu.

Enyonam akauliza kilichotuleta, na Yayra akakieleza chote bila kupunguza. Bakuli lililooshwa. Swali aliloliuliza na jibu alilopewa. Jinsi dawa ile inavyofanya kazi, na kwamba ilitakiwa isubiri chakula, si chakula kiikimbilie dawa. Kwamba hutiwa saini na watu wawili, na kwamba angefunua lile bakuli, mzee angeamka. Mikono ya Enyonam iliendelea kufunga majani, taratibu, halafu ikasimama.

"Alisema nimeleta alfajiri?"

"Ndiyo."

"Akasema samaki mzima?"

"Mzima."

Enyonam akacheka, machozi yanamtiririka. "Mwongo yule! Samaki mzima tangu lini, sisi?" Akajifuta kwa upande wa kanga yake. "Alikuwa ananifichia aibu. Baba yangu alikuwa na njaa, na akanifichia aibu."

Kisha kicheko kikaisha.

"Miaka thelathini na sita. Mji mzima unakula abolo yangu. Ndugu zangu wa tumbo moja hawali kitu kilichopita mkononi mwangu. Mnalijua hilo? Nikienda msibani napewa kazi ya kuteka maji tu. Chungu hawaniachii."

"Sikuja uniambie yamekwisha, dada," Yayra alisema. "Nimekuja ujue kwamba haukuwa wewe. Nilikuwa mimi."

Enyonam akachukua jani jingine. "Umesema saini ni za watu wawili."

"Ndiyo."

"Wa pili nani?"

Yayra aliinamia bilauri yake ya maji. Hakunitazama, na naapa kwamba angenitazama, hata mara moja, ningemchukia na ningenyamaza. Nikaliona dirisha lile la wodi, wagonjwa wanacheka, na mimi natembea nimebetua makalio kama mkuu wetu. Nilijisikia kuoza.

"Mimi," nikasema. Ilitoka sauti ya mtoto.

Enyonam akaweka jani chini.

"Jumamosi ukoo wetu unakutana kwa ami," alisema. "Mtakuja wote wawili, mtayasema haya pale pale niliporudishiwa kitambaa changu. Waliokuwepo siku ile wengi wameshakufa. Ami, aliyetamka yale maneno, bado yupo, lakini masikio yake yamekwisha."

Akanigeukia mimi, si Yayra.

"Kwa hiyo wewe utapaza sauti."