Mkono Uliosahauliwa Nyumbani

Kwetu, kukunja kidole gumba mpaka kiguse kigasha kulikuwa mchezo tu. Mama aliweza, kaka yangu aliweza, na mimi naweza hadi leo. Ngozi zetu pia zilikuwa laini mno: ukijikwaa, goti linafumuka, na kovu linabaki jembamba kama ganda la kitunguu. Watu walitusifu kwa wepesi wa viungo. Hakuna aliyeuhusisha na kifo cha mama, ambaye asubuhi moja alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akashika kichwa, akasema, "Kimepasuka," na adhuhuri haikumkuta hai. Baba yake alikwenda vivyo hivyo. Ilisemwa ni husuda.

Mimi niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sikutulia mahali. Nilichuma karafuu Kidichi, nikavuta nyavu Fumba, nikakata na kubeba boriti upande wa Jozani, na kila nilikokwenda niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilirudi mjini kwa kaka, fundi cherehani, mtu mwenye adabu kuliko wote niliowajua. Siku moja nimekaa barazani kwake, cherehani ikanyamaza. Nilipogeuka alikuwa ameshika kisogo.

"Kimepasuka," akasema.

Neno lile lile. Mama mkubwa, dada wa marehemu mama, alikuwa ndani. Akataka aitwe mpiga chuku amchanje kisogo, amfyonze damu mbaya kwa pembe.

"Hachanjwi mtu hapa," nikasema.

"Tangu lini mzururaji akawa tabibu?"

Nilimlaza kaka kwenye gari la hamali, nikalisukuma mwenyewe mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mgeni wa mbali, maneno yake yakifasiriwa na muuguzi. Alimchoma kaka sindano mgongoni, na maji yaliyopaswa kuwa safi yakatoka mekundu. Damu ilikuwa imevuja kichwani, bila kuanguka, bila kupigwa. Akayatazama makovu. Nikamwonyesha gumba langu, nikamsimulia habari za mama na babu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulizoea. Kisha akaeleza kwamba nyuzi zinazoshikilia viungo na ngozi ndizo zinazoshikilia pia mishipa ya damu, na wapo wanaozirithi zikiwa dhaifu; hao hata mzigo mzito huweza kuwapasua mshipa. Dawa ya kuziimarisha hakuna. Mshipa ukifumuka tena, hatapona.

"Wiki sita alale chali. Asiinue kichwa kwa lolote."

Alasiri ya kwanza ya wageni alikuja jirani mmoja mzee. Kaka akaanza kuinuka ili aubusu mkono wake, kama tulivyolelewa. Nilimkandamiza kifua kwa viganja vyote viwili. Mzee akaondoka amenuna, na mimi nikaona hatari iko wapi: kaka angeuawa na adabu yake. Tangu siku ile, mimi niliyeshindwa kukaa kijiji kimoja mwezi mzima, nilisimama mlangoni mwa wodi kila alasiri nikiwarudisha wazee. Nilitukanwa matusi niliyokuwa siyajui, na mengi nilikuwa nayajua.

Siku ya nne akaja mama mkubwa mwenyewe.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nipishe."

"Ukiingia atainuka akubusu mkono. Akiinuka anakufa."

"Nshamzika dada yangu, leo nizuiwe kwa mwanawe? Na we, usiye na kwenu?"

"Nakuzuia kwa sababu ushamzika."

Akaingiza mikono yote miwili ndani ya buibui, akaibana, akanipita. Alisimama juu ya kaka kabisa, uso kwa uso.

Kaka akapapasa hewani. "Mkono wako uko wapi, mama mkubwa?"

"Nimeusahau nyumbani. Lala."

Aliyasema hayo mtaa mzima. Kuanzia kesho yake wazee waliingia mikono imefichwa, wanaume ndani ya makoti, wanawake ndani ya mabuibui, na mimi mlangoni nikimkagua kila mmoja.

Wiki sita zilipotimia daktari alimruhusu kukaa. Mama mkubwa akautoa mkono buibuini, akainama mpaka chini ili kaka aubusu bila kunyoosha shingo. Kisha akanigeukia, akalishika gumba langu, akalikunja taratibu mpaka likagusa kigasha.

"Na we," akasema, "boriti basi."

Sikubeba tena.