Fundi wa Suna aliyekataa kufuta nembo za mwalimu wake

Saa mbili kasorobo asubuhi, kabla majirani hawajamaliza kufungua maduka yao, mashine ya kudarizi ya Lynnet Gisiri imeshapata moto. Sindano zinapanda na kushuka kwa kasi isiyofuatika kwa jicho. Juu ya sweta ya kijani, korongo anaanza kujitokeza: kwanza mdomo, halafu shingo, halafu miguu miwili, mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Lynnet amesimama kando, mkono kiunoni, kichwa kimeinama kidogo. Haangalii mashine. Anaisikiliza.

"Uzi ukikaribia kukatika, sauti inabadilika," anasema. "Mzee alinifundisha hivyo. Aliniambia macho yanachoka, lakini sikio halichoki haraka."

Mzee anayemtaja ni Nashon, aliyefungua kibanda hiki cha kudarizi nembo za shule hapa Suna, mjini Migori, na kukiongoza hadi mwaka 2019. Kwa sasa anaishi kwao Kisegi, Kaunti ya Homa Bay. Presha ya macho imemwachia mwanga kidogo tu. Anajua kumekucha, basi.

Lynnet, mwenye umri wa miaka 34, alikuja Suna mwaka 2010 akitokea kwao upande wa Kehancha. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, karo ya chuo haikupatikana, na shangazi yake akamtafutia kazi ya kukata nyuzi zilizobaki nyuma ya nembo. Mshahara ulikuwa shilingi 150 kwa siku.

"Nilidhani nitakaa miezi mitatu," anasema, na kucheka. "Halafu nikaona ile kompyuta."

Ilikuwa kompyuta kuukuu, nzito, yenye kioo kilichobenuka kama cha runinga ya zamani. Ndani yake Nashon alichora nembo, mshono baada ya mshono, kwa programu aliyojifunza peke yake kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada. Kuchora mwenge mmoja tu wa nembo kungeweza kumchukua siku mbili. Akimaliza, aliupeleka kwenye mashine, akaudarizi juu ya kitambaa kibovu, akaugeuza huku na huku, akarudi kuketi.

"Nilikuwa nafagia polepole ili nimwangalie," Lynnet anakumbuka. "Siku moja akaniuliza, 'Nyara, unafagia hapo mara ya ngapi?' Akasogeza kiti. Akasema, 'Kaa hapa.'"

Nyara ni binti yangu, kwa Kiluo. Amemwita hivyo tangu siku hiyo, naye Lynnet, Mkuria, humwita Baba.

Kila Desemba, shule zikifungwa na kazi ikipungua, Nashon alikuwa na shughuli moja ambayo hakuruhusu mtu amsumbue. Aliunganisha diski ya nje na kompyuta, akafungua programu ya kuhifadhi nakala, akatengeneza kile ambacho mafundi wa kompyuta hukiita picha ya diski. Si picha ya kutazama. Ni nakala ya kompyuta nzima kama ilivyokuwa siku hiyo: programu ya kuchorea, nembo, rangi za nyuzi, kila kitu mahali pake.

Ya kwanza, ya mwaka 2010, ilibeba kompyuta yote. Zilizofuata zilibeba mabadiliko ya mwaka huo tu, kila moja ikiegemea zilizotangulia. Ikikosekana moja katikati, zinazofuata hazifunguki.

"Alikuwa ananunua soda mbili," anasema Lynnet. "Tunakaa tunangoja imalize. Ananihadithia shule moja moja, nani alileta kazi, nani alisumbua bei. Hizo ndizo Krismasi zangu ninazozikumbuka zaidi, hata kuliko za nyumbani."

Nashon alipostaafu, Lynnet aliendelea na desturi hiyo peke yake, akinunua soda mbili na kunywa moja.

Desemba 2023, akiwa katikati ya kutengeneza nakala ya kumi na nne, kompyuta ile kuukuu ilitoa mlio mfupi, kioo kikawa cheusi, na haikuwaka tena.

Alipiga hesabu ya siku. Shule zingefunguliwa wiki ya kwanza ya Januari, na oda za sweta zilikuwa zimeshaanza kuingia. Bila zile nembo angelazimika kuchora upya kila moja au kuwaambia wateja waende Kisii.

Alinunua kompyuta mpya kwa akiba ya ada ya mwanawe na kumwita Cliff, fundi wa kompyuta mwenye duka karibu na stendi. Cliff aliweka programu ya zamani ya kuhifadhi nakala kwenye kompyuta mpya. Ikafunguka nusu, ikaganda. Ilikuwa imepitwa na wakati. Ilihitaji toleo jipya.

"Madam, bonyeza tu hapo pa kuendelea," Cliff alimwambia toleo jipya lilipoanza kujiweka.

"Imeandika nini?"

"Ni yale maneno ya kawaida. Hakuna mtu husoma hayo."

"Mimi nitasoma."

Alivuta kiti, akasoma neno kwa neno, kidole kikiwa juu ya kioo. Toleo jipya lilikuwa linaomba ruhusa ya kuondoa la zamani. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, mdogo, wenye kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama: ondoa pia nakala zilizotengenezwa na toleo la zamani.

Diski ya Mzee Nashon ilikuwa imeunganishwa wakati huo huo, taa yake ikiwaka.

"Nilichomoa waya kabla sijamwambia Cliff chochote," anasema Lynnet. "Nikamwonyesha. Akasoma, akavua kofia yake, akaketi chini."

Cliff mwenyewe halikatai hilo. "Nimeweka hiyo programu kwa watu wengi," anasema. "Tangu siku hiyo nasoma. Yule mama alinifunza kazi yangu."

Kuanzia hapo walikwenda taratibu. Walinunua diski nyingine, wakanakili kila kitu kutoka ile ya zamani, na ile ya zamani Lynnet akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini. Wakatoa alama kwenye kile kisanduku. Ndipo wakaliruhusu toleo jipya liingie.

Lilipofunguka, orodha ya nakala ilikuwa tupu.

"Hapo nilitaka kulia," anasema.

Nakala zilikuwapo, toleo jipya tu halikuzijua. Cliff aliionyesha programu folda zilimo, moja moja, nayo ikaanza kuzisoma: 2010, 2011, 2012. Ilipofika ya sita, ya mwaka 2015, ikasimama. Kipande cha diski kilichobeba nakala hiyo kilikuwa kimekufa kwa uzee, na kwa kuwa nakala zile zilitegemeana, zote za baada yake zilikataa kufunguka. Kila nembo iliyochorwa tangu 2015 ilikuwa pale pale mbele yao, na hawakuweza kuifikia.

Lynnet alikumbuka jambo moja. Siku ya kumuaga Nashon mwaka 2019, walikula samaki na ugali hapo hapo kibandani, na mzee alipoulizwa anataka zawadi gani alisema hataki kitu. Alitaka nakala ya ile diski tu.

"Watu walicheka," anasema Lynnet. "Mtu haoni vizuri, anaenda kijijini, diski ni ya nini? Akasema, 'Ni miaka yangu. Nitaiacha hapa?'"

Kesho yake baada ya nakala kukwama, Lynnet alifunga kibanda, akatia kompyuta ndogo ya mkononi ya Cliff, iliyowekewa lile toleo jipya, ndani ya begi pamoja na ile diski mpya, akaelekea Kisegi.

Nashon alimtambua kwa hatua kabla hajabisha. "Nyara, unatembea kama mtu mwenye shida," alisema kutoka ndani.

Awino, mkewe, ndiye aliyejua diski ilipo. Ilikuwa ndani ya bati la biskuti, chini ya kadi za kliniki na vitambulisho vya zamani. Lynnet anasema alishindwa kunywa chai aliyowekewa hadi alipoiunganisha na kuona taa yake ikiwaka.

Nakala ya mwaka 2015 ilikuwapo, nzima.

Aliichukua, akaiweka mahali pa ile iliyokufa. Toleo jipya likaanza kusoma tena kutoka mwanzo, likapita ya sita, ya saba, likafika ya kumi na tatu. Wakati huo Nashon alikuwa ameketi karibu naye, kiganja juu ya meza, kama mtu anayesikiliza mashine.

"Imefunguka?" aliuliza.

"Imefunguka, Baba."

"Basi nisomee."

Lynnet alisoma majina ya shule, moja baada ya jingine, na kila jina mzee alilijibu. Ile ya Obware, yenye chungu: mwalimu mkuu alitaka chungu kionekane kimejaa maji, wakabishana wiki nzima jinsi maji yanavyoonekana ndani ya chungu kilichofunikwa. Ile ya Nyamakendo, yenye ng'ombe: kamati ya shule ilikuja watu saba kuhakikisha pembe ni za ng'ombe wa kwao. Akademia moja ya Oyugis iliyofungwa zamani, nembo yake ya kalamu na jembe. Mwenye shule alikuwa akija mwenyewe kuchukua sweta, akizikunja kama nguo za mtoto mchanga.

"Na korongo?" aliuliza Nashon.

"Yupo."

"Miguu?"

"Bado mmoja ni mrefu."

Alicheka hadi akakohoa. Mwalimu aliyeleta mchoro wa korongo alikuwa amekosea, na Nashon alipomwonyesha kosa, mwalimu aliona haya akasema uachwe hivyo hivyo. Zaidi ya miaka kumi na mitano baadaye, watoto wa shule hiyo bado wanavaa korongo asiyesimama sawa, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Awino anasema mumewe hakuwa amezungumza kiasi hicho tangu macho yalipomwacha. "Mimi nilikuwa naingiza kuni, natoka, narudi, bado wako kwa shule," anasema. "Nilisikia majina ya watu hata mimi nilisahau, wengine tulishawazika. Nikaacha kuni, nikaketi pia."

Walisoma nembo 118, zote zilizochorwa na Nashon mwenyewe. Walipomaliza jua lilikuwa limeteremka upande wa ziwa, na Awino hakumruhusu mgeni aondoke hadi asubuhi.

Si kila kitu kilirudi. Nakala ya kumi na nne, ile iliyokatizwa kompyuta ilipokufa, haikuwahi kukamilika. Nembo kumi na moja za mwaka 2023 zilipotea. Zote zilikuwa kazi ya mikono ya Lynnet.

Aliporudi Suna na kumweleza Cliff, fundi huyo alimpa pole. Yeye hakuipokea.

"Nilifurahi kwamba zilizopotea ni zangu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaitazama mashine moja kwa moja. "Mimi nipo. Naweza kukaa chini nichore tena. Mzee hawezi. Za kwake zingepotea, zingepotea kabisa."

Alizichora upya kwa kutazama sweta zilizokwisha kuvaliwa. Alipita kwa wateja akiomba kuazima. Damaris, muuza mboga wa hapo hapo Suna, alimletea sweta ya bintiye iliyochakaa viwiko, akamwambia asiirudishe iwapo inasaidia. Nembo tisa zimepatikana. Mbili bado, kwa sababu shule hizo hazikumrudia na hajakutana na mtoto aliyezivaa.

Sasa nakala zipo mahali pawili, Suna na Kisegi. Programu imeshatoa toleo jingine tangu wakati huo, na Lynnet alilipandisha mwenyewe, bila fundi. Alichomoa diski kwanza. Alisoma kila mstari. Baadaye alifungua nakala moja ya zamani kuhakikisha bado inafunguka, ndipo akanunua soda.

Nembo moja humwingizia shilingi 60, na mwezi wa Januari hutengeneza mamia. Anataka kuongeza mashine ya pili na kumwajiri mtu atakayefundishwa kuchora, si kukata nyuzi tu. Anaweka akiba kidogo kidogo.

Lakini kuna kazi nyingine ambayo haina mteja. Kwenye kona ya kibanda limekunjwa jora la kitambaa cheupe, zito kiasi cha blanketi. Lynnet analifungua mezani kwa uangalifu. Ni nembo za Nashon, zikiwa zimedariziwa kwa mpangilio wa miaka, safu baada ya safu, kutoka kwenye zile nakala za zamani. Ameziongezea uzi ziinuke juu ya kitambaa, ili kidole kiweze kuusoma mchoro. Akimaliza zote 118 atalipeleka Kisegi, alitandaze juu ya meza ya mzee.

Amefika ya 63. Anaongeza moja kila Jumamosi kazi ikipungua, na Jumapili mzee hupiga simu kuuliza wamefika shule gani. Akiambiwa jina, huanza kusimulia.

Anaulizwa kwa nini hachukui wiki moja tu akamaliza, maana mashine anayo na michoro anayo.

Lynnet anakikunja kitambaa polepole, pembe kwa pembe.

"Natumaini kumaliza kufikia Desemba ya mwakani," anasema. "Najua amezeeka, najua sipaswi kukawia. Lakini nikimaliza haraka, Jumapili ataniuliza nini?"