Mito ya Kukaliwa

Fundi mmoja wa mito, ambaye majirani walimwita Mama Usingizi, alikuwa na mkono wa aina yake. Ukiulalia mto wake, kazini utachelewa tu. Kushona hakukumpa shida. Kilichomtoa jasho ni kuifikisha mito kwa walalaji.

Alianza na mwenye duka la jirani. Yule bwana akaipandisha mito rafu ya juu kabisa, karibu na dari, na wa kwanza kuipenda akawa paka wake. Miezi miwili ikapita, mnunuzi hakuna, paka ananenepa.

"Inakula nafasi, mama," mwenye duka akalalamika. "Pale ningepanga sabuni mia."

Akaibeba mito yake hadi kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva wa pikipiki, amuuzie akizunguka. Shemeji akafunga sita nyuma. Upepo ukampokonya mmoja, ukatua kwenye beseni la mwanamke aliyekuwa akifua. Isitoshe, abiria wakakosa pa kukaa.

"Shemeji, nakuheshimu sana, lakini kwa mito hii nitakufa njaa," dereva akamwambia.

Siku ya pili akachukua mmoja tu, akaukalia. Muuguzi mmoja, mwili wa kutosha, akapanda nyuma.

"Yaani wewe umekalia raha, mimi nimekalia chuma?"

Akaudai, akapewa. Walipofika hospitalini alishuka na mto kwapani, akaingia nao wodini bila hata kuaga.

Shemeji akarudi kushtaki. Mama Usingizi alicheka mpaka akashika ukuta. Mara akachukua futi yake, akatoka nje kupima kiti cha pikipiki.

Akakata mito bapa, ya ngozi bandia, yenye mikanda pembeni. Haukupita mwezi, madereva wote wa kijiwe cha shemeji walikuwa wamekalia kazi yake, na kila abiria akishuka anauliza mto umetoka wapi. Ile ya kichwani akaiacha, ingawa roho ilimuuma. Haikuwa na wa kuipeleka. Hii ilijipeleka yenyewe.

Aliyeumia zaidi ni mama mkwe, aliyezoea kujigamba kwamba mkwe wake analaza vichwa vya waheshimiwa. Sasa ataje nini mbele za watu?

Jumapili moja mgeni akamuuliza mke wa mwanawe anafanya kazi gani. Mama mkwe akajiweka sawa kitini.

"Yuko kwenye mambo ya usafiri," akajibu.

Jikoni, Mama Usingizi aliuma mkono wa blauzi yake asisikike.