Saa Mbili Ipi?

Dada yangu hajui kuandika ujumbe bila salamu. Hata nyumba ikiwa inaungua, ataamkia kwanza, atauliza hali ya watoto, ndipo aseme kuna moto. Yeye anaishi Lalago na mama yetu. Mimi niko Bariadi mjini, nina steshenari, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Mama alipoanza kuchomwa sindano za sukari, dada ndiye aliyekuwa anampima na kuniandikia majibu kwa kiswaswadu chake, kisimu cha vitufe.

Kisha mama akaanza kudondoka. Sukari inashuka ghafla, jasho linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka, mara yuko chini. Safari moja dada alimkuta zizini kalala kifudifudi kwenye mavi ya ng'ombe, akadhani amekwisha. Daktari alituambia bila kuzunguka: anachoma dozi mbili, ya asubuhi na ya jioni, na mojawapo imezidi. "Nileteeni saa anazoshuka. Nikipunguza isiyo yenyewe, siku moja mama yenu hataamka."

Nikamjibu, saa ninazo. Nilijibu kwa raha kabisa, mjinga mimi. Nilikuwa nimejiandikia skripti ndogo inayosoma ujumbe wa dada kutoka kwenye simu, inachukua saa na kiwango cha sukari, inavihifadhi kwenye kanzidata ya aina ile inayokaa yote ndani ya faili moja. Ujumbe ukishasomwa, unafutwa, simu isijae. Niliona nimemaliza kazi.

Laptopu ikafa. Fundi akaitoa diski, akanipa faili langu kwenye flashi likiwa zima, nikamshukuru mpaka akaona aibu. Nikaliweka kwenye laptopu nyingine, nikaiwasha skripti. Ikakataa. Faili lina toleo lisilotambulika, ndivyo ilivyosema, basi. Hakuna zaidi. Nikaangalia lile faili, lipo, lina ukubwa wake uleule, na ndani yake kuna uhai wa mama yangu, halafu mashine inanitazama tu.

Jamani, nilihangaika! Programu iliyoliandika ilikuwa ya zamani, hii mpya imebadilisha mpangilio wa ndani, na kibaya zaidi haisemi imebadilisha nini. Nikashusha toleo la nyuma kidogo, likakataa. La nyuma zaidi likagoma hata kuingia, kwa kuwa nalo lilitaka lugha ya skripti ya zamani. Nikaitafuta na hiyo. Bando linakata katikati, naanza tena. Wateja wanasimama mlangoni na vyeti vyao vya kutolea kopi, nawafokea. Mke wangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia niache, nikajuta hapohapo, maana alikuwa ameshika chai yangu.

Mwishowe lilifunguka. Niliinuka kwenye kiti nikapiga makofi peke yangu kama mwehu. Nikachora mchoro wa saa zote za hatari, nao ukawa safi ajabu: karibu kila anaposhuka ni saa nane usiku. Usiku! Basi tatizo ni sindano ya jioni. Nikachukua simu nimpigie daktari.

Sijui nini kilinizuia. Nadhani nilijiuliza tu, nani anampima mama saa nane za usiku? Dada huyu, ambaye akilala hata fisi apite dirishani hasikii?

Dada alikuwa anaandika saa 2, saa mbili yetu sote, na skripti imeisoma kizungu, ikaifanya saa nane usiku. Hilo ni la kurekebisha, nikajipa moyo, naongeza saa sita, yamekwisha. Nikaongeza. Halafu nikakaa nikiitazama ile mbili. Saa mbili ipi? Ya asubuhi, au ya usiku?

Nikampigia dada. Alishangaa hata kuulizwa. "Kwani sikukuandikia? Asubuhi nilikuandikia mwangaluka, jioni nikakuandikia mwadila. Wewe mdogo wangu ukisalimiwa husikii?"

Kila Msukuma anajua. Mwangaluka ni ya asubuhi, mwadila ni ya jua limeshageuka, huwezi kuzichanganya hata ukiwa mlevi. Dada hakuona haja ya kuandika asubuhi au usiku, alikuwa ameshasema. Na skripti yangu ina mstari mmoja, mfupi, unaokata kila kitu kilicho kabla ya namba ya kwanza. Niliuweka ili kuondoa takataka. Takataka!

Nikalifukua lile faili mpaka kwenye matumbo yake, nikitafuta neno moja lililosalia. Namba tupu. Tarehe nazo hazikunisaidia, kwa kuwa ni za ujumbe kufika. Mtandao ukikata kwao, dada anarundika jumbe za siku kadhaa, anazituma kwa mkupuo. Simu yake haitunzi alizotuma, na kichwani zimeshamchanganyikia, ipi ilikuwa ya asubuhi na ipi ya jioni. Nikafunika laptopu, nikalia. Sioni sababu ya kuficha, nililia pale dukani, mteja akaondoka kimyakimya na vyeti vyake.

Siku ya miadi tulimpeleka mama. Nikamweleza daktari kwamba sina kitu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema atapunguza dozi zote mbili kidogo kwa kubahatisha, mama asiachwe peke yake, na tuanze kupima upya, asubuhi, mchana na jioni, hata usiku tumwamshe.

Mama Kiswahili cha hospitali kinampita. Akanishika mkono, akaniuliza kwa Kisukuma daktari amesemaje. Nikamwambia, mayu, tunaanza upya, zile za mwanzo zimepotea.

"Zimepotea wapi? Si ulisema unazo?"

"Nilikuwa nazo."

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua, "Kwa hiyo kutobolewa kote kule ni bure?"

Nesi akaja na kipimo, akasema, "Bibi, lete kidole." Mama akafungua kiganja, akavipapasa vidole kimoja kimoja kwa mkono mwingine akitafuta kisichouma. Akakikosa, akatoa chochote.