Kipimo cha Lango

Mimi hupima mtu kwa macho. Akipita tu mbele ya duka langu ninajua upana wa kifua chake, ninajua mikono ya sweta itaishia wapi, na ninajua kama amenenepa tangu msimu wa mvua uliopita. Sijisifu. Ni kazi iliyonizoesha, na jicho langu halijawahi kuniaibisha.

Duka lenyewe liko mjini Kisii, limebanwa kati ya duka la dawa na ngazi za kupandia ghorofani. Ni jembamba, hata wateja wawili wenye mwili hawana budi kukubaliana nani aingie kwanza. Ukutani nimepanga nyuzi za maruni na za kijani kwa sweta za shule, nyeupe na waridi kwa shali za watoto wachanga, na ile zambarau ambayo kina mama wa Nyanchwa huinunua kwa vitambaa vya makochi bila kuchoka. Nyuma ya pazia nina mashine ya kufuma. Ijumaa adhuhuri nafunga mlango naenda kuswali. Jumamosi nafungua, lakini wateja wangu wengi ni Wasabato na wako kanisani, kwa hiyo siku hiyo huwa ni yangu na vumbi langu.

Babu yangu alikuja hapa na biashara ya nguo, akaoa, akasahau kurudi. Nimezaliwa mjini na Ekegusii nakisema bila kujikwaa, ila mila nyingine za vijijini nimefundishwa na wateja, wao wakiwa upande ule wa kaunta na mimi upande huu.

Aliyenifundisha hii ninayoisimulia ni mama mmoja wa Birongo. Nilimjua siku nyingi. Hufuma kwa sindano alizochongewa kutokana na spoku za baiskeli, na nimemwonyesha sindano mpya mara nyingi, naye huzitazama kwa adabu kisha huzirudisha. Kazi yake ni safi. Ukigeuza sweta yake ndani nje, hujui ndani ni wapi.

Asubuhi hiyo aliingia na manyunyu begani, tukasalimiana, akaketi kwenye kibao cha wateja. Akasema anataka uzi wa bluu nzito, wa sweta ya mwanamume, wote kwa mkupuo mmoja. Hilo lilinifurahisha, kwa sababu ni mimi ninayewapigia kelele kila siku kwamba uzi wa leo na uzi wa mwezi ujao si rangi moja hata kama jina ni moja.

"Ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mkwe. Bwana wa msichana yangu. Wanakaa Kebirigo."

"Kifua chake?"

Akafungua pindo la leso yake na kutoa kamba ya mgomba, ile kavu ya kufungia mboga, yenye fundo huku na fundo kule. "Hii ni ya mbele," akasema. "Nyuma ufanye kama hiyo tena."

Niliinyoosha ile kamba juu ya kaunta. Kaunta ikakaribia kuisha.

"Mama," nikasema, "hii ni sweta au ni hema la harusi?"

Hakucheka. "Huyo ni mtu mkubwa."

Nikamuuliza alimpimaje. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama aliwahi kumwogesha. Ndipo akanieleza. Mama mkwe wa Kigusii, yule anayeshika desturi, hampi mkwe wake mkono. Hakai naye meza moja, hamkazii macho, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Ndiyo heshima yao, wanaiita chinsoni. Wengine siku hizi wameilegeza, wanapigana picha na wakwe zao harusini. Yeye hakuilegeza. Waswahili husema macho hayana pazia. Huyu mama macho yake alikuwa ameyatundikia pazia.

Halafu akanieleza sababu ya sweta, na hapo nikaacha utani. Binti yake alikuja kumtembelea, akaugua ghafla, ugonjwa wa kumfanya mtu asijue yuko wapi. Mvua ilikuwa imeharibu njia, hakuna pikipiki iliyokubali kupanda kilima. Mkwe alipigiwa simu, akafika alfajiri kwa miguu, akamchukua mkewe mpaka barabara ya lami. Hospitalini alikaa naye muda wote, akimlisha na kumfulia. Binti akapona.

"Na mimi sijamwambia asante," akasema. "Nimetuma kijana yangu aseme. Lakini asante ya kutuma mtu, hiyo ni asante gani? Mimi siwezi simama mbele yake. Sasa nitamfumia. Akivaa, nitajua amesikia. Asipovaa, nitajua haikufika."

Nilimwonea huruma, na nikakasirika pia, maana mimi huruma yangu huja na hasira. Nikamwambia kuuliza si ujinga, ampigie binti yake amuulize kipimo. Akasema alishauliza, binti akamwambia bwana wake ni wa kawaida tu.

"Basi!"

"Msichana alikuwa mgonjwa. Anajua nini? Mimi nilimwona. Nilikuwa kwa mlango ya jikoni, ukungu imeshuka, nikamwona akitoka. Alijaza lango. Nikageuka haraka. Alipoenda nikapima lango."

Lango! Nguzo mbili za mkaratusi ndizo zilizotoa kipimo cha kifua cha mtu. Nilimwambia wazi kwamba katika miaka yangu yote ya nyuzi sijaona kifua hicho Kisii wala Nyamira, na kwamba akifuma hivyo atafuma mara mbili. Akanijibu kwamba uzi ni wangu lakini mkwe ni wake. Nikampa uzi. Kamba yake akaisahau kwenye kaunta, nikaitundika kwenye msumari kando ya mikasi.

Alirudi baadaye na sweta imekamilika, anionyeshe shingo. Kusema kweli ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuniletea, visuko vya uzi vimepanda kifuani vimenyooka kabisa. Na ilikuwa kubwa mno. Niliishika juu, ikaziba mlango wa duka kukawa giza. Nikamwambia, "Mama, haitamtosha." Akaikunja, akaiweka kwenye mfuko, akaondoka. Iliniuma. Nilijua itakaa sandukuni Kebirigo, na yeye atabaki Birongo akingoja kuiona.

Siku moja ya baridi wakaingia mwanamume na mwanamke. Mwanamume alikuwa mwembamba, mfupi kidogo kwangu. Sweta ile ya bluu ilikuwa imemfika magotini na mikono ikiningʼinia. Nikaitambua kabla hajasalimia. Nilifurahi, nisiseme uongo. Jicho langu lilikuwa limeshinda.

"Hii ni kazi ya mama yangu," mwanamke akasema. "Tunataka upunguze."

"Vua," nikamwambia bwana, mkono wangu tayari uko kwenye mikasi. "Nilimwonya. Mtu gani hupima mkwe kwa lango?"

Mwanamume akasimama na mkono mmoja umetoka. "Lango gani?"

Nikateremsha ile kamba msumarini, nikawasimulia yote: ukungu, mlango wa jikoni, nguzo mbili, na mama aliyegeuza uso. Mwanamume alianza kucheka. Kicheko kikakatika. Akamtazama mkewe.

"Hiyo asubuhi nilikuwa nimekubeba," akamwambia. "Kwa mgongo. Na koti ya mvua tulikuwa tumejifunika moja, sisi wawili."

Mkewe alichukua ile kamba, akaishika fundo kwa fundo, macho yakamjaa machozi. Mimi pia yangu yalikuwa hayako salama.

Mwanamume akarudisha mkono ndani ya sweta. "Usikate," akaniambia. "Kipimo ni sawa. Nikunjie tu mikono, nisiitie kwa chai."

Nilimkunjia mikono palepale akiwa ameivaa, nikaishika kwa sindano na uzi wa bluu ule ule, mishono myepesi. Wakitoka dukani walisema wanapitia Birongo.

Yule mama hakuchelewa kuja. Aliketi kwenye kibao chake, akanyoosha miguu, akaagiza uzi mweupe bila kusema wa nini. Ningeweza kunyamaza lakini sikuumbiwa kunyamaza. Nikamuuliza kama aliona.

"Walipita," akasema. "Nilikuwa jikoni. Alisimama kwa lango kidogo, kama mtu anangoja. Halafu akaenda." Akavuta leso mabegani. "Ameivaa. Na imemtosha. Si nilikuambia huyo ni mtu mkubwa?"

Na mimi, ambaye kwa kipimo simkubalii mtu, nikamwambia, "Uliniambia, mama. Ni mkubwa."