Arobaini za Makarius

Mimi Gharibu nina mdomo, Kibondo nzima wanajua. Nauza maharage. Mwaka sabini na tano nilinunua pikipiki, Honda iliyokwisha tumika, kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Nikavaa kanzu nyeupe, nikaikokota hadi ofisini kwenda kuiandikisha.

Karani alikuwa Makarius, Muha mpole, mwenye shati moja la kazi lililoshonwa kola mara mbili. Akainama, akafuta tope kwenye injini. "Ndugu Gharibu, hii ni shilingi mia na arobaini."

"Ati nini? Abbasi wa Kasulu ana Honda kama hii, juzi tu kaandikisha kwa mia!"

"Ya Abbasi ni Honda tisini. Yako ni mia ishirini na tano. Ada inafuata ukubwa wa injini, siyo jina. Inama uone, imechongwa hapa."

Niiname, na kanzu yangu, mbele ya foleni? Isitoshe, herufi za Kizungu nilikuwa sizijui. Mimi nilisoma chuo cha Kurani tu, kwa Kiarabu. Nikaona nitaumbuka. Basi nikafungua domo.

"Honda ni Honda! Hiyo arobaini ni ya tumbo lako! Jamani, njooni mwone mla rushwa!"

Watu wakazomea. Makarius akapokea mia yangu, akaandika risiti, akanipa na namba. Risiti sikuitazama. Nimeshinda, niitazame ya nini?

Nilijisifu mpaka Kasulu. Makarius naye jina likamganda: akipita sokoni, wanamwita "Arobaini".

Mwaka uliofuata tukaingizwa kwenye elimu ya watu wazima. Mwalimu wetu alikuwa Immakulata, mke wa Makarius. Siku moja alituambia tulete karatasi yoyote kutoka nyumbani tuisome. Nikabeba ile risiti, mjinga mimi, bila kufikiri. Nikasimama, nikasoma kwa sauti: "Pi-ki-pi-ki. Honda, mia ishirini na tano. Zimepokelewa shilingi mia moja na arobaini."

Darasa likapiga makofi, maana sikukosea hata herufi. Mwalimu hakupiga.

"Kaa, Ndugu Gharibu," alisema. "Mwezi ule tulilima vibarua."

Yarabi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni nikaenda kwao na shilingi arobaini mkononi. Makarius hakuzipokea.

"Ningekuandikia pungufu, ningefungwa," alisema. "Ningekunyima namba, wale watu wangenipiga. Nikajazia zangu, yaishe. Pesa kaa nazo. Wewe nenda ukaseme kweli mbele ya watu, kama ulivyosema uongo."

"Nitasema, ndugu yangu. Kesho."

Kesho yake nilifika sokoni. Nikaulizwa bei ya maharage, nikajibu bei ya maharage. Keshokutwa hivyo hivyo. Mdomo wote ule, siku hizo sijui ulikwenda wapi.

Mwezi haukwisha, Makarius akahamishwa. Lori lao likasimama sokoni kuchukua abiria, yeye kakaa juu ya mizigo, mkewe kapakata sufuria. Muuza chumvi mmoja akapaza sauti: "Mla rushwa huyo anaondoka! Gharibu, si wewe uliyemfichua?"

Watu wote wakanigeukia. Makarius naye akanitazama, anangoja.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."