Kisu Changu na Kijiti Chake

Walisema sitakula ndizi ya mkono wangu. Nilirudi kwetu Ndama na stashahada ya kilimo kutoka Morogoro, ya kwanza katika kitongoji chetu, nikakuta kibanja cha marehemu baba, shamba lake la migomba kuzunguka nyumba, kimemezwa na nyasi. Wanaume waliokuwa wakikaa kwenye benchi la dukani wakaniita bwana shamba asiye na shamba.

"Huyu atapalilia kwa kalamu," mmoja alisema, akihakikisha nasikia.

"Mwache, waitu," mwenzake akamjibu. "Karatasi zikimwishia atarudi mjini."

Sikurudi. Nilifyeka na kulima mwenyewe, bila kibarua, mpaka viganja vikachubuka. Na niseme bila aibu: leo kuanzia kwetu hadi Rugu hutaona kibanja kinachokishinda changu. Mkungu wangu wa kwanza ulibebwa na wanaume wawili, na mmoja wao alitoka kwenye lile benchi.

Lakini nilipoanza, miche sikuwa nayo. Huku kwetu anayeanza kibanja haendi kununua miche. Huazimwa na majirani, mmoja mmoja, kila mtu kwa aina aliyo nayo. Akishavuna, hurudisha kwa kila aliyempa mche wa aina ileile. Nilizunguka nikiomba. Walionipa zaidi ni akina mama, na aliyenipa kilicho bora kuliko wote ni mjane mmoja, rafiki wa mama yangu tangu usichana wao. Mimi humwita mama mkubwa. Alinipa mche wa ndizi ya kupika aliyokuja nayo alipoolewa, aliyopewa na mama yake. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Ikipikwa na maharage, nyumba ya jirani hujua.

"Usiupande penye maji yanayotuama," aliniambia. "Na usinifundishe, nimeukuza kabla hujazaliwa."

Tukacheka wote wawili.

Kibanja changu kiliposimama, watu walianza kuniita nikawaonyeshe. Niliwafundisha kupunguza machipukizi, kuweka matandazo, kuchimba mashimo ya mbolea. Nilialikwa mpaka Bugomora, kule Kyerwa. Nilikwenda kwa pikipiki yangu, kiunoni nikiwa na kisu nilichokinunua Morogoro, chenye mpini wa mbao uliong'aa. Kwangu nilitumia panga la baba. Kile kisu kilikuwa cha kufundishia. Nilipenda kukichomoa watu wakitazama.

Somo lililowavutia zaidi lilikuwa lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Ukiliondoa mapema, ndizi hunenepa, na wadudu hawapati pa kutua na kuacha ugonjwa. Mama mkubwa alikuwa na njia yake. Alichukua kijiti kirefu chenye panda, akalibana ua, akazungusha, likakatika na kudondoka. Hakupanda ngazi wala hakugusa chuma.

Siku alipowakaribisha majirani kwake ili niwafundishe, nilikicheka kile kijiti mbele yao wote.

"Mama mkubwa, hicho ni cha kuangulia maparachichi! Mkato mzuri ni wa kisu."

Watu wakacheka. Yeye akakiegemeza kijiti ukutani, akakaa.

Kabla sijaanza nilikifuta kisu kwa jani la mgomba. Kilikuwa na utomvu mkavu wa Bugomora, nilikokuwa jana yake. Kule nilikuwa nimekata mgomba mmoja ambao ndizi zake ziliiva kabla ya wakati, na katika mkato yakatoka majimaji ya njano kama usaha. Niliyaona. Chuoni nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba kisu lazima kipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Nilikuwa nimeandika hata habari ya kijiti chenye panda. Lakini kijiti kila mtu anacho. Na watu walikuwa wamekwisha kusimama, wananisubiri. Nikakata maua ya kibanja chote.

Haikupita muda mrefu majani yake yakaanza kugeuka manjano na kuinama. Ulikuwa mnyauko. Tulipopasua ndizi, ndani zilikuwa za kahawia. Afisa wa kilimo alipokuja aliagiza migomba yote ing'olewe, na ardhi ipumzike. Akawakusanya watu akawaambia waondoe ua kwa kijiti chenye panda. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na hilo liliniuma zaidi.

Nilisaidia kung'oa. Mume wake amezikwa mle kibanjani, kama ilivyo desturi yetu, na migomba ndiyo iliyomsitiri miaka yote. Ilipoisha kuanguka, kaburi likawa linaonekana kutoka barabarani. Mama mkubwa akaanza kununua ndizi sokoni, yeye aliyekuwa akigawa.

Ile ndizi yake ya kupika ilibaki kwangu tu. Niliilinda kama mtoto mgonjwa. Ardhi yake ilipokwisha kupumzika, nikapakia miche kwenye pikipiki nikaanza kuwalipa walionikopesha. Ilinichukua siku nzima. Kila niliyempa alinisifu, na kila sifa niliyopewa ilinishinda kumeza. Kwake nilifika mwisho.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeuleta?"

"Nimeuleta." Nikaushusha, lakini sikumpa. "Mama, ule ugonjwa uliletwa na kisu changu."

Alikuwa akichambua maharage. Hakusimama.

"Najua. Nilikuona ukikifuta kwa jani."

"Mbona hukunizuia?"

"Watu walikuwa wengi," alisema. "Na wewe ulikuwa unafundisha."

Nikauinua ule mche. Akanionyesha mahali kwa kidole, kando ya kaburi, upande wa barabara.

"Uupande pale. Mimi sijui kama nitakula ndizi yake, lakini pale."

Nikapitisha panga la baba kwenye moto wa jikoni kwake, nikachonga mizizi, nikachimba, nikapanda, nikamwagilia. Sikuwa na deni la mtu tena. Nilipofika barabarani niligeuka kutazama. Mche ulikuwa wa kufika gotini. Nyuma yake kaburi lilionekana lote.